Mashahidi Wanne Angani: Vyombo Vinavyosafiri kwa Kundi Kuchunguza Plazima Inayoizunguka Dunia

Vitabu vya jiografia vya shule zetu huandika kwamba kilele cha Kibo kina kimo cha mita 5,895 juu ya usawa wa bahari. Kipimo hicho kilitokana na kazi ya wapima ardhi ya mwaka 1952. Mwaka 1999 mlima ulipimwa tena kwa mitambo ipokeayo ishara za setilaiti za GPS, na jibu likawa mita 5,892. Mwaka 2008 ukapimwa mara nyingine kwa njia hiyo hiyo, likapatikana jibu la mita 5,891. Mwanafunzi wa Moshi, auonaye mlima huo kila asubuhi mawingu yanapofunguka, ana haki ya kuuliza: je, mlima wetu unapungua?

La, tofauti hizo ni ndogo mno kuthibitisha jambo kama hilo. Zaweza kutokana na njia zilizotumika kupima na jinsi usawa wa bahari unavyokadiriwa mahali palipo mbali na bahari. Lakini ndani ya swali la mwanafunzi huyu mna swali jingine kubwa zaidi. Setilaiti za GPS huzunguka kiasi cha kilomita 20,200 juu ya ardhi. Ishara ya redio itokayo huko hupita katika kitu gani kabla ya kumfikia mpimaji aliyesimama kileleni? Hupita katika plazima, na plazima hiyo huichelewesha. Mpimaji asiyeisahihisha aweza kukosea kwa mita kumi au zaidi, yaani zaidi ya tofauti zote tulizozitaja.

Makala haya yanaeleza plazima hiyo ni nini, na kwa nini wataalamu wamelazimika kurusha vyombo vingi kwa pamoja, si kimoja kimoja, ili kuielewa.

PLAZIMA NI KITU GANI?

Sote tumefundishwa kwamba maada huonekana katika hali tatu: yabisi, kimiminika na gesi. Plazima ni hali ya nne. Gesi ikipashwa joto kali mno, au ikipigwa na mwanga mkali wa urujuanimno kutoka katika Jua, atomu zake hupoteza baadhi ya elektroni. Hapo hubaki mchanganyiko wa elektroni zenye chaji hasi na ayoni zenye chaji chanya, zikielea pamoja. Mchanganyiko huo ndio plazima. Mwanafunzi wa biolojia asiichanganye na plazima ya damu. Jina ni moja, lakini vitu ni viwili mbalimbali.

Plazima si kitu cha ajabu kisichopata kuonekana. Radi inayopiga juu ya misitu ya Machame wakati wa masika ni plazima. Mwanga wa bomba la taa ya umeme darasani hutoka katika plazima, na cheche kali za fundi wa kuchomelea vyuma ni plazima pia. Jua lenyewe ni tufe kubwa la plazima.

Tabia mbili za plazima zatupasa kukumbukwa. Kwanza, hupitisha umeme. Pili, hutii sumaku. Elektroni au ayoni iliyomo katika uga wa sumaku huzunguka mistari ya uga huo kama ushanga uliotungwa katika uzi: yaweza kuteleza kwenda mbele na nyuma kufuata uzi, lakini si rahisi kuuacha. Na kwa kuwa mikondo ya umeme nayo huzaa sumaku, plazima hutawaliwa na sumaku na papo hapo huibadilisha sumaku hiyo. Hapo ndipo ulipo ugumu wake, na ndipo ulipo utamu wa kuichunguza.

BAHARI TUSIYOIONA

Jua hutoa mfululizo wa plazima uitwao upepo wa jua. Upepo huo hupita karibu na Dunia yetu kwa kasi ya kiasi cha kilomita 400 kwa sekunde. Ni mwepisi kupita kiasi: katika sentimita moja ya ujazo hupatikana ayoni chache tu, kama tano hivi. Hata hivyo una nguvu ya kuusukuma uga wa sumaku wa Dunia. Upande wa mchana uga huo hubanwa hadi kiasi cha kilomita 65,000 kutoka katikati ya Dunia. Upande wa usiku huvutwa ukawa mkia mrefu upitao mbali kuliko Mwezi. Eneo lote linalotawaliwa na sumaku ya Dunia huitwa magnetosfia.

Mbele ya magnetosfia, upepo wa jua hupunguza mwendo kwa ghafula na kufanya wimbi la mshtuko, mfano wa maji yanavyojikunja mbele ya jiwe katika mto uendao kasi. Ndani zaidi kuna mikanda ya chembe zenye nishati kubwa, na kuna mkondo wa umeme unaoizunguka Dunia kama pete. Chini kabisa, kuanzia kiasi cha kilomita 60 juu ya vichwa vyetu na kuendelea mamia ya kilomita, kuna ayonosfia, ambayo ni hewa ya juu iliyochanganyika na plazima.

Mambo haya si ya vitabuni tu. Machi 13, 1989, dhoruba ya sumaku iliyosababishwa na Jua iliangusha mtambo mzima wa umeme wa jimbo la Quebec, Kanada, na mamilioni ya watu wakakaa gizani kwa muda wa kama saa tisa. Sisi wa ikweta hatupatwi sana na madhara ya namna hiyo, ambayo huzidi karibu na ncha za Dunia. Lakini tuna taabu yetu wenyewe.

ANGA YA JUU YA KILIMANJARO

Ikweta ya sumaku si ile ya jiografia. Ikweta ya jiografia huipita Kenya, kaskazini kidogo mwa Nairobi. Ikweta ya sumaku huipita Ethiopia, karibu na Addis Ababa. Moshi, iliyopo nyuzi 3 na theluthi kusini, iko takriban kilomita 1,400 kusini ya ikweta ya sumaku.

Jambo hilo lina matokeo makubwa. Wakati wa mchana, uga wa umeme ulioko katika ayonosfia huinyanyua plazima juu ya ikweta ya sumaku. Ikifika juu, huteremka polepole kwa kufuata mistari ya sumaku, kaskazini na kusini, kama maji ya chemchemi yanavyoruka juu na kuanguka pande mbili. Basi juu ya Ethiopia kwenyewe plazima hupungua, na matuta mawili ya plazima nzito hujengeka umbali wa nyuzi 15 hivi kila upande. Kaskazini mwa Tanzania kuko karibu na tuta la kusini.

Hebu tupige hesabu. Tuseme kwamba alasiri moja, katika safu ya anga yenye eneo la mita moja ya mraba kutoka ardhini hadi kwenye setilaiti, mna elektroni 6 × 10¹⁷. Kiasi hicho si kigeni katika nchi za tropiki. Ucheleweshaji wa ishara, ukihesabiwa kwa mita, ni 40.3 mara idadi hiyo ya elektroni, ukigawanya kwa mraba wa masafa ya redio. Kwa masafa ya GPS ya megahezi 1,575.42 jibu ni karibu mita 9.7. Kwa masafa ya pili, megahezi 1,227.60, ni karibu mita 16. Mpimaji mwenye mtambo wa masafa mawili huona tofauti ya mita 6.3 kati ya ishara hizo mbili, na kutokana na tofauti hiyo hukokotoa kosa lenyewe na kulitoa. Ndiyo maana wapima ardhi hutumia mitambo ya masafa mawili, tena huiacha ipime kwa saa nyingi.

Jua likizama, taabu nyingine huanza. Sehemu ya chini ya ayonosfia hupotea upesi kwa sababu elektroni huungana tena na ayoni. Sehemu ya juu hubaki. Hapo plazima nzito hukaa juu ya tabaka jepesi, kama maji yaliyomiminwa juu ya mafuta. Hali hiyo haidumu. Mapovu ya plazima hafifu hupenya na kupanda juu, mengine mamia ya kilomita. Mawimbi ya redio yapitayo katika mapovu hayo hutetemeka kama nyota zinavyometameta, na pengine mtambo wa GPS hupoteza ishara kabisa. Katika eneo letu mapovu hutokea hasa kati ya magharibi na usiku wa manane, na huzidi karibu na miezi ya Machi na Septemba.

Rubani anayetua katika uwanja wa ndege wa KIA baada ya jua kuzama, na mpimaji anayeweka mipaka ya mashamba, wote wanahusika na jambo hili. Kulitabiri kwahitaji kujua mapovu yana ukubwa gani, yanakwenda wapi na kwa kasi gani. Maswali hayo matatu ndiyo yaliyowashinda wataalamu waliotegemea chombo kimoja.

SHAHIDI MMOJA HATOSHI

Afrika ya Mashariki imekuwa na sehemu yake katika historia hii. Katika Ghuba ya Ungwana, karibu na Malindi, Waitalia walijenga jukwaa la San Marco baharini kwa ajili ya kurushia roketi. Jukwaa hilo liko karibu katika latitudo ile ile ya Kilimanjaro, kiasi cha nyuzi 3 kusini. Desemba 12, 1970, setilaiti ya Kimarekani iliyochunguza miali ya eksirei kutoka katika nyota ilirushwa hapo, ikapewa jina la Kiswahili, Uhuru, kwa kuwa siku hiyo ni sikukuu ya uhuru wa Kenya. Chombo kinachohusu makala haya kilifuata Novemba 15, 1971. Hicho kilikuwa Explorer 45, kilichopelekwa kuchunguza mkondo wa pete na dhoruba za sumaku. Kilizunguka karibu sambamba na ikweta, kikipanda hadi kiasi cha kilomita 27,000.

Explorer 45 kilifanya kazi nzuri, lakini kilikuwa na udhaifu wa kila shahidi aliye peke yake. Ili kuuelewa udhaifu huo, tutazame mfongo, yaani mfereji wa kumwagilia mashamba, kama ile iteremkayo kutoka mlimani kwenda katika vihamba vya Wachagga. Mtu mmoja amesimama kando ya mfongo huko Kibosho. Ghafula maji yanapungua. Je, maji yamepungua katika mfongo wote tangu kwenye chanzo? Au jirani wa juu amefungulia shamba lake? Au ni fungu la majani tu linalopita, na baada ya dakika mbili maji yatarudi? Mtu huyo hawezi kujua. Taabu huzidi iwapo yeye mwenyewe anatembea huku akipima: hapo hajui hata kama maji yamebadilika, au yeye ndiye aliyefika mahali penye maji machache.

Chombo cha angani siku zote kinatembea, tena kwa kilomita kadhaa kila sekunde. Kikionyesha kwamba sumaku imebadilika, hakiwezi kutuambia ni wakati uliobadilika au ni mahali. Fumbo hilo la wakati na mahali haliondolewi kwa kununua kifaa kizuri zaidi. Huondolewa kwa kuongeza mashahidi.

Hatua ya kwanza ilichukuliwa Oktoba 22, 1977, vyombo ISEE-1 na ISEE-2 viliporushwa pamoja ili vifuatane katika njia moja. Faida yake huonekana kwa hesabu ndogo. Tuseme mpaka wa plazima unapita juu ya chombo cha kwanza, na sekunde 15 baadaye unapita juu ya cha pili, kilicho umbali wa kilomita 600 katika mwelekeo ule ule wa mwendo wa mpaka. Kasi ya mpaka ni 600 ÷ 15, yaani kilomita 40 kwa sekunde. Kama mpaka wenyewe ulichukua sekunde 5 kupita, basi unene wake ni 40 × 5, yaani kilomita 200. Chombo kimoja kingetuambia zile sekunde 5 tu, na unene ungebaki siri.

KWA NINI WANNE?

Lakini katika mfano huo tumedhani kwamba tunajua mpaka unatoka upande gani. Mara nyingi hatujui. Jaribio lifuatalo, ambalo mwalimu aweza kulifanya katika uwanja wa shule siku yenye mawingu yaliyotawanyika, litaonyesha jambo lenyewe.

Mwanafunzi A asimame katika kona ya uwanja. B asimame mita 100 mashariki yake, na C asimame mita 100 kaskazini yake. Kila mmoja awe na saa. Kivuli cha wingu chenye ukingo ulionyooka kinafika kwa A. Sekunde 6 baadaye kinafika kwa C, na sekunde 8 baada ya A kinafika kwa B. Kivuli kinakwenda wapi na kwa kasi gani?

Anayewasikiliza A na B peke yao atasema kasi ni 100 ÷ 8, yaani mita 12.5 kwa sekunde, kuelekea mashariki. Anayewasikiliza A na C peke yao atasema ni mita 16.7 kwa sekunde, kuelekea kaskazini. Wote wamekosea, ingawa hakuna shahidi aliyedanganya. Njia sahihi ni kuhesabu ucheleweshaji kwa kila mita: sekunde 0.08 kuelekea mashariki, na sekunde 0.06 kuelekea kaskazini. Kwa kanuni ya Pitagora, jumla yake ni sekunde 0.10 kwa mita. Kwa hiyo kasi halisi ni mita 10 kwa sekunde. Mwelekeo wake ni kiasi cha nyuzi 37 kutoka mashariki kuelekea kaskazini, kwa sababu 0.06 ÷ 0.08 ni 0.75, ambayo ni tanjenti ya pembe hiyo.

Uwanja ni bapa, una vipimo viwili, na mashahidi watatu wametosha. Anga ina vipimo vitatu, basi shahidi wa nne ni wa lazima. Tena haitoshi awe popote: hapaswi kuwa katika bapa moja na wenzake. Mafiga matatu huinjika chungu vizuri, lakini mafiga peke yake hayatuambii kitu juu ya kimo cha chungu. Watu watatu wakipima hewa Machame, Marangu na Rongai watajua habari za chini ya mlima pande zake zote. Habari za juu zitajulikana tu iwapo wa nne atapanda Kibo. Ukiunganisha sehemu hizo nne kwa mistari, utapata umbo lenye nyuso nne za pembetatu, liitwalo tetrahedroni. Hilo ndilo umbo ambalo vyombo vya angani hujitahidi kulifanya.

Umbo hilo lina faida ya pili. Ampère alituonyesha kwamba mkondo wa umeme hujulikana kwa kuizunguka njia yake na kupima sumaku. Kila uso wa tetrahedroni ni pembetatu yenye chombo katika kila kona. Tukijumlisha sumaku kwa kufuata kingo tatu za uso mmoja, tunapata mkondo unaopenya katika uso huo, ijapokuwa hakuna waya wala kifaa chochote katikati. Tufikirie kwamba sumaku hutofautiana kwa nanotesla 10 katika umbali wa kilomita 100. Mkondo wake ni kama sehemu 8 za amperi katika milioni mia moja kwa kila mita ya mraba, kiasi kinachoonekana si kitu. Lakini utando wenye unene wa kilomita 100 na upana wa kilomita 10,000 una mita za mraba milioni milioni moja, na mkondo mzima unafika amperi 80,000.

HASARA YA 1996 NA KUNDI LA CLUSTER

Shirika la Anga la Ulaya lilikuwa la kwanza kuunda vyombo vinne vya namna moja kwa kusudi hili. Mradi uliitwa Cluster. Juni 4, 1996, vyombo vyote vinne vilipakiwa katika roketi mpya ya Ariane 5 huko Kourou, Guyana ya Kifaransa. Sekunde chache chini ya arobaini baada ya kuruka, roketi ilipoteza mwelekeo na kulipuka. Sababu ilikuwa ndogo ya kusikitisha: programu ya kompyuta, iliyorithiwa kutoka katika roketi ya zamani, ilijaribu kuiweka namba kubwa katika nafasi iliyokuwa ndogo kwa namba hiyo. Kazi ya miaka mingi ikaangukia kinamasini.

Wataalamu hawakukata tamaa. Kutokana na vipuri vilivyobaki waliunda chombo kimoja, wakakiita Phoenix, kisha wakaunda vingine vitatu. Mwaka 2000 vilirushwa viwili viwili kutoka Baikonur, Julai 16 na Agosti 9, kwa roketi za Soyuz. Vilipewa majina ya ngoma za kudansi: Rumba, Salsa, Samba na Tango. Kila kimoja kilikuwa na vifaa 11 vya kupimia, na vilizunguka Dunia kupitia juu ya ncha zake, vikikaribia hadi kiasi cha kilomita 19,000 na kufika mbali hadi kiasi cha kilomita 119,000.

Vyombo hivi havikufungwa pamoja kwa kamba wala chuma. Kila kimoja kilifuata njia yake chini ya mvutano wa Dunia, na njia hizo zilipangwa ili tetrahedroni ijengeke vizuri katika sehemu iliyokusudiwa kuchunguzwa. Umbali kati yao ulibadilishwa mara nyingi, kutoka kilomita chache hadi maelfu mengi. Mvuvi wa bwawa la Nyumba ya Mungu anajua sababu yake: wavu wenye matundu makubwa hauvui samaki wadogo. Vivyo hivyo, vyombo vilivyo mbalimbali sana haviwezi kutambua utando mwembamba, na vilivyokaribiana sana haviwezi kuliona wimbi kubwa zima.

Novemba 20, 2001, Cluster kilivuka ukingo wa magnetosfia na kukuta mawimbi makubwa yaliyojiviringa, kila moja likiwa na upana wa makumi ya maelfu ya kilomita. Upepo wa jua ulikuwa ukiupuliza mpaka huo kama upepo unavyopuliza maji ya bwawa mpaka mawimbi yakajikunja na kuanguka. Matokeo hayo yalichapishwa mwaka 2004. Yalionyesha njia mojawapo ambayo plazima ya Jua hupenya kuingia katika himaya ya Dunia. Chombo kimoja kingeona sumaku ikipanda na kushuka tu. Ni vinne vilivyoonyesha kwamba mawimbi yalikuwa yamejiviringa. Cluster kilifanya kazi hadi mwaka 2024, na Septemba 8 mwaka huo Salsa ikaongozwa kuungua hewani juu ya Bahari ya Pasifiki ya kusini.

Mwaka 2015 Marekani ilirusha kundi jingine la vyombo vinne, liitwalo MMS. Kusudi lake lilikuwa kuchunguza jambo dogo zaidi: mahali ambapo mistari ya sumaku yenye mielekeo ya kukinzana hukatika na kuungana upya, na nishati iliyofungwa ndani yake kutoka kwa ghafula. Mahali hapo panapotendeka jambo lenyewe huwa na upana wa kilomita chache tu. Kwa hiyo mwaka 2016 vyombo vya MMS vilikaribiana hadi kilomita 7.2, umbali ambao mtembezi mwenye nguvu aweza kuumaliza kwa saa moja na nusu. Oktoba 16, 2015, vilikuwa tayari vimepita ndani ya eneo hilo na kuzipima elektroni zenyewe, mara moja katika kila sehemu 30 za elfu ya sekunde.

MAKUNDI YAPITAYO JUU YETU

Cluster na MMS viliruka mbali. Kuna makundi mengine yapitayo karibu zaidi na vichwa vyetu. Novemba 22, 2013, Ulaya ilirusha vyombo vitatu viitwavyo Swarm. Viwili vilipangwa kwenda ubavu kwa ubavu kwa kimo cha kiasi cha kilomita 460, vikitenganishwa na nyuzi 1.4 za longitudo, yaani kama kilomita 165 hivi pale ikweta. Cha tatu kilipangwa kupita juu zaidi, kwa kimo kinachozidi kilomita 500. Mpangilio huo huwezesha kupima plazima na sumaku kwa mapana na kwa kimo. Vyombo hivyo vyenyewe hutumia GPS, na katika miaka yake ya kwanza vilipoteza ishara mara nyingi vilipokatiza katika mapovu ya plazima ya ikweta. Wataalamu wakaligeuza tatizo hilo kuwa kipimo, kwa kuwa kila ishara iliyopotea ilionyesha mahali palipo na povu.

Juni 25, 2019, Taiwan na Marekani zilirusha setilaiti sita ziitwazo COSMIC-2. Njia zake zimeinamishwa nyuzi 24 tu, hivyo kazi yake yote ni katika nchi za tropiki, Tanzania ikiwamo. Hizi hazikaribiani, zimetawanywa kuizunguka Dunia. Kila moja husikiliza setilaiti za GPS zinapozama au kuchomoza kwenye upeo wa Dunia, na kutokana na kucheleweshwa kwa ishara hukokotoa wingi wa elektroni kwa kila kimo.

Hata hivyo, vyombo vya juu vinahitaji shahidi asiyetembea. Mtandao wa vipima-sumaku uitwao MAGDAS, ulioanzishwa na Chuo Kikuu cha Kyushu cha Japani, uliweka vituo Addis Ababa, Nairobi na Dar es Salaam. Setilaiti hupita juu ya kituo kwa dakika chache, kisha ikaenda zake. Kituo hubaki pale pale mchana na usiku. Kinachoonekana kubadilika kituoni ni cha wakati, na kinachoonekana na setilaiti ni cha wakati na mahali pamoja. Vikilinganishwa, fumbo hufunguka. Lakini kwa bara lenye ukubwa wa Afrika, vituo vya namna hii bado ni vichache kuliko vinavyohitajiwa. Mtandao wa mashahidi ni imara tu mahali walipo mashahidi.

Kazi hiyo haihitaji roketi. Mtambo wa GPS wa masafa mawili, uliowekwa juu ya paa imara na kuachwa upime bila kukoma, ni kituo kamili cha kuchunguza ayonosfia. Kijana anayejifunza leo fizikia na hesabu katika shule za Moshi, Rombo au Hai aweza kesho kuwa msimamizi wake. Na mlima wenyewe, wenye miteremko inayopanda kutoka tambarare hadi karibu kilomita sita, unatufundisha somo hili kila siku: hakuna aliyesimama upande mmoja akauona wote.

MASWALI YA KUJADILI DARASANI

1. Kivuli cha wingu kinafika kwa A. Sekunde 5 baadaye kinafika kwa B, aliye mita 100 mashariki, na sekunde 12 baada ya A kinafika kwa C, aliye mita 100 kaskazini. Tafuta kasi na mwelekeo wake. (Jibu: kiasi cha mita 7.7 kwa sekunde, nyuzi 67 kutoka mashariki kuelekea kaskazini.)

2. Kwa nini vyombo vinne vilivyo katika bapa moja haviwezi kutoa habari zilezile za vyombo vinne vilivyofanya tetrahedroni?

3. Mpimaji ana mtambo wa GPS wa masafa mamoja tu. Eleza ni saa zipi za siku ungemshauri afanye kazi yake, na kwa sababu gani.

4. Taja jambo moja katika mazingira ya shule yako ambalo mtazamaji mmoja hawezi kulieleza kwa hakika, lakini watazamaji wengi walioshirikiana wanaweza.